Datsun 240Z iliyolala shambani: kusoma dalili kabla ya kulipa

Datsun 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ndiyo maana hadi leo, likitajwa gari hili Njoro au Solai za Nakuru, au Milimani ya Kisumu, bei hupanda kabla hata turubai halijafunuliwa. Kinachouzwa mara nyingi ni gari lililokaa miaka kumi au ishirini kwenye banda la mahindi, na kukaa huko kuna madhara yake yanayojulikana. Wanunuzi hulalamikia mambo yale yale, gari baada ya gari.

Shika jambo moja unapokagua. Injini ya L24, silinda sita, cc 2,393, ni ngumu na inafufulika. Bodi ikiisha, gari limeisha. Kanuni ya KEBS, shirika la viwango, inayokataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, inakufungia njia ya kuagiza gari jingine zima la kulichinja, kwa hiyo bati ulilokuta hapo ndilo utakalobaki nalo. Tumia nusu ya muda wako chini ya gari, ukitazama chuma, hata kama muuzaji anakuita uje usikie injini.

Mpigie simu siku moja kabla umsihi asijaribu kuliwasha. Wengi hukopa betri kwa jirani wakapiga stata ili mteja akija akute injini inanguruma. Silinda zikiwa kavu, ringi hukwangua kuta zake, na uchafu wa tangi huvutwa hadi ndani ya kabureta. Kazi ya saa mbili inageuka ovahali.

Beba tochi kali, sumaku ndogo uliyoivisha soksi isikwaruze rangi, bisibisi pana, jeki na stendi mbili, multimita, kipimo cha kompresheni, spana ya 27, soketi ya plagi ya 21, plagi sita mpya za BP6ES, oili ya 20W-50 lita tano, petroli mpya lita tano kwenye galoni safi, hosi ya mpira mita mbili, betri yenye chaji, na kizima-moto cha poda. Hicho cha mwisho usikisahau nyumbani. Sababu yake iko chini kwenye sehemu ya kabureta.

Namba hazilingani, au karatasi hazieleweki

Anza hapa ukiwa bado hujachafuka mikono. 240Z ya usukani wa kulia ina namba ya chesisi inayoanza na HS30, imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, na ndani ya chumba cha injini kuna kibati chenye namba hiyo hiyo. Namba ya injini huanza na L24, imegongwa kwenye bloku upande wa kulia, chini kidogo ya hedi (kichwa cha injini). Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha ulaze tochi kimshazari. Namba iliyoliwa na kutu husomeka kwa kivuli chake.

Zisipolingana na logbook, mara nyingi ni kwa sababu injini ilibadilishwa. L20, L26 na L28 za silinda sita hukaa humo bila kukata kitu. Kiufundi si vibaya, L28 hata ina nguvu zaidi, ila badiliko hilo lazima lisajiliwe NTSA, mamlaka inayosajili magari, na anayepaswa kulisajili ni muuzaji, kabla hujatoa pesa. Tatizo la pili ni logbook iliyobaki kwa jina la marehemu. Anayekuuzia, awe mwana au mjane, anahitaji hati ya mahakama ya kusimamia mirathi iliyothibitishwa. Barua ya chifu peke yake haihamishi umiliki wa gari. Tafuta rekodi za gari kupitia eCitizen wewe mwenyewe. Usitosheke na nakala uliyotumiwa kwa WhatsApp.

Ukikuta namba ya chesisi imekwaruzwa, au kipande chenye namba kimezungukwa na alama za welding, simama hapo. Hilo ni suala la DCI, wapelelezi wa jinai, na hakuna bei nzuri ya kutosha kukuingiza ndani yake.

Kuna pia lile neno la "hii ilikimbia Safari." Gari la mashindano huwa na welding ya ziada kwenye maungio ya bodi, matundu ya rolikeji sakafuni, vishikio vya taa za nyongeza na mahali pa kufungia bamba la kukinga sampu, bakuli la oili chini ya injini. Bila karatasi, alama hizo zinakwambia tu kwamba bodi ilipigwa sana.

Rangi imevimba, sumaku haishiki, mlango haukai sawa

Kutu ya gari hili hutoka ndani kuja nje. Ukiona kitundu kinachoingia kidole, upande wa ndani tarajia eneo la kiganja. Kisumu mvua za radi hazikosi karibu mwaka mzima, na unyevu uliofungiwa chini ya turubai la plastiki haukauki. Nakuru adui ni vumbi laini la majivu ya volkano: hujaa kwenye mifereji ya kutolea maji, likanyonya mvua na kuikumbatisha bati miezi mingi.

Pitia sehemu hizi kwa mpangilio, kuanzia inayooza mara nyingi zaidi.

Kwanza ni sinia la betri, kwenye kona ya nyuma ya chumba cha injini. Asidi hudondoka, hula sinia, kisha hushuka kwenye ukuta na reli iliyo chini yake. Toa betri, usiangalie kwa juu tu. Pili ni sakafu ya miguuni pande zote mbili na zile reli ndefu zilizoungwa chini yake. Tatu ni madigadi ya mbele, nyuma ya gurudumu: ingiza mkono ndani utoe matope. Matope yaliyokaa hapo miaka hula digadi la nje na nguzo ya mlango kwa pamoja. Nne ni kizingiti, ule ukanda chini ya mlango, na hasa kona yake ya nyuma inapokutana na tao la gurudumu. Tano ni shimo la tairi ya spea na bati la nyuma chini ya taa, ambako raba ya mlango wa nyuma ikifa maji hutiririka moja kwa moja. Mwisho ni mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Mwaga chupa ya maji hapo polepole uone yanatokea wapi. Yakiingia miguuni kwa abiria, mfereji umetoboka, na kuutengeneza ni kazi ya kufumua mengi.

Gari lililokaa juu ya udongo mtupu, tafuta vijia vya mchwa vinavyopanda matairi. Mchwa hawali chuma, lakini hupenya kwenye matundu ya sakafu wakifuata zulia na nyuzi za viti, na udongo wanaoujenga hukaa umelowa juu ya bati. Inua zulia. Ukikuta kichuguu kidogo nyuma ya kiti cha dereva, kikwangue: chini yake bati huwa limechambuka tabaka tabaka kama chapati, na bisibisi hupita bila kusukumwa.

Sasa sumaku. Ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kona za chini za madigadi. Isiposhika, kuna fila, lile lipu la kuziba bati kabla ya rangi. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati hulia, fila hunyamaza. Fila nyembamba iliyosawazisha mbonyeo ni ya kawaida. Fila nene kwenye kizingiti ni kifuniko cha tundu, kwa sababu kizingiti hakigongwi kirahisi na gari jingine.

Jaribio linalosema zaidi ni la jeki. Fungua mlango wa dereva, ufunge, ukumbuke pengo lake kwa juu na nyuma. Weka jeki chini ya sehemu ngumu nyuma ya gurudumu la mbele, na kipande cha mbao juu yake, uinue hadi tairi liache ardhi. Fungua mlango tena. Ukikwama, au pengo la juu likibana, bodi inapinda katikati: vizingiti na reli havibebi tena uzito. Jeki ikizama ndani ya chuma, shusha pole pole, na usiingie chini.

Marekebisho ya kawaida fundi mzuri wa bodi anayaweza: bati la mm 0.8 kwa ngozi ya nje, mm 1 kwa sakafu, mm 1.5 kwa reli, kwa mashine ya CO2. Mtungi wa oksijeni na asetilini hukunja bati pana, na ukimwona fundi anautaka kwa madigadi, tafuta mwingine. Kabla kizingiti hakijakatwa, milango ifungwe kwa vyuma vya kukaza kutoka nguzo hadi nguzo, la sivyo bodi italegea na milango haitafunga tena maishani. Tangi la petroli litolewe nje kabisa kabla ya welding ya nyuma. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka.

Usiendelee na ununuzi kwa bei ya "inahitaji rangi tu" iwapo kutu imefika kwenye minara ya shoki, kwenye reli za mbele pale zinaposhika usukani na mikono ya magurudumu, au pale difu, gia ya ekseli ya nyuma, inapofungwa. Sehemu hizo zinahitaji bodi iwekwe kwenye jigi ya kupimia. Mwite fundi mwenye jigi aje aone kabla hujalipa hata amana.

Injini haizunguki kabisa

Betri iliyokufa na vichwa vya waya vilivyoota unga wa kijani ndiyo sababu ya kwanza. Safisha kwa brashi ya waya, weka betri yako, na uangalie pia waya wa ardhi unaoshika bloku. Kama hata taa ya dashibodi haiwaki, kagua waya-fyuzi ulio karibu na stata; huungua ndani huku ganda lake la nje likionekana zima. Taa zikiwaka na stata ikitoa "tak" moja tu, stata yenyewe imekwama, au injini.

Hapo usiendelee kupiga ufunguo. Toa plagi zote sita, tia spana ya 27 kwenye boliti ya pulei ya kranki, uzungushe polepole kufuata saa ukiwa mbele ya gari. Ikizunguka duara mbili bila kukwaruza, stata ndiyo mbovu, na hiyo ni kazi ndogo.

Ikikataa, ringi zimeshikana na kuta kwa kutu. Changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kama mililita 30 kila silinda, na uache saa 48. Rudi, jaribu kuitikisa mbele na nyuma kwa spana, si kuilazimisha upande mmoja. Ikikubali hata milimita, una matumaini. Kabla ya kugusa stata, zungusha kwa mkono plagi zikiwa nje, ukiwa umefunika matundu kwa kitambaa, ili mchanganyiko utoke. Kioevu hakibanwi, na silinda iliyojaa ikikutana na nguvu ya stata hupinda koni rodi.

Kulivuta gari kwa trekta likiwa na gia ya tatu, jambo ambalo mashambani hupendekezwa na kila anayepita, huvunja ringi na wakati mwingine pistoni. Kataa. Siku tatu zikipita bila injini kutikisika, ihesabu kuwa ya kufunguliwa na kupelekwa kwa fundi wa mashine, na bei ishuke kulingana na hilo.

Ikiwa inazunguka, fungua kifuniko cha vali kabla ya kuwasha. Kamshafti ya L24 iko juu, na ndiyo ya mwisho kupata oili. Kagua ncha za kamu: ziwe laini zinang'aa. Ukiona mistari au ncha iliyolika ubapa, kamshafti na roka zake zinabadilishwa kwa pamoja. Kama ni nzima, mimina oili mpya juu ya kila kamu, badilisha oili ya sampu, kisha piga stata plagi zikiwa nje hadi geji ya oili ianze kupanda. Geji hii ni ya umeme na husoma vibaya mara nyingi. Ukiona sifuri, funga geji ya mekanika ya kuazima kabla ya kuihukumu pampu.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Gari lililolala, anza kushuku petroli. Fungua kifuniko cha tangi unuse: petroli iliyooza hunuka kama rangi ya mafuta. Usiijaribu. Chomoa hosi kwenye pampu, ambayo ni ya mekanika na imekaa ubavuni mwa hedi, uitumbukize hosi yako kwenye galoni safi. Tangi litatolewa na kuoshwa baadaye. Nyigu wa udongo hupenda vimirija vya kupumulia tangi na midomo ya kabureta. Chomoa kizibo chao cha udongo kwa waya mwembamba, usikipulize kwenda ndani.

Pili ni pointi za distributa zilizoota ukungu. Zisugue kwa msasa laini, zipangusie spiriti, weka pengo la mm 0.45 hadi 0.55. Washa ufunguo, pima umeme kwenye rezista ya kauri iliyo karibu na koili: ukiingia na usitoke, rezista imekatika. Kapu ya distributa yenye ufa au vumbi la kaboni hubadilishwa. Hakikisha pia waya hazijachanganywa: mpangilio ni 1-5-3-6-2-4 na rota huzunguka kinyume na saa. Waya mbili zikibadilishana mahali, injini hupiga mlipuko nyuma kupitia kabureta, na mnunuzi hudhani vali zimeungua.

Kisha kabureta zenyewe. Ziko mbili, za mtindo wa SU, na hapa ndipo kizima-moto kinapohitajika. Katika hedi hii kabureta na eksosi ziko upande mmoja, kabureta juu, manifodi ya eksosi chini. Sindano ya floti ikikwama kwa utomvu wa petroli ya zamani, petroli hufurika na kudondoka juu ya chuma cha moto. Jaza floti huku injini imezimwa, subiri dakika tano, pitisha kidole chini ya kila kabureta. Kikirudi kimelowa, usiwashe. Zitoe zikaoshwe, sindano na gasketi zibadilishwe.

Zikiwa kavu, inua pistoni ya kila kabureta kwa kidole uiachie. Ishuke kwa uzito wake na kugonga "tak" laini. Ikishuka kwa kusita, ndani kuna varnishi ya petroli ya zamani. Tungi la juu ya kila kabureta hujazwa oili nyepesi ya SAE 20, si grisi wala maji ya breki. Skrubu ya mchanganyiko anzia duara mbili na nusu kutoka juu kabisa. Gari lililotyuniwa Nakuru likishushwa Kisumu litapata petroli pungufu kidogo, kwa kuwa hewa ya kule ni nzito zaidi, hivyo liangalie tena likifika.

Inawaka, lakini inamisi au inatoa moshi

Kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: mm 0.20 za kuingiza, mm 0.25 za eksosi. Vali iliyobana huficha ukweli wa silinda.

Halafu pima kompresheni injini ikiwa moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kitabu cha kiwanda kinataka psi 171 hadi 185, na hapa ndipo mafundi wengi wa Bonde la Ufa huhukumu injini nzima kuwa mbovu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya la pwani. Injini nzuri itasoma psi 135 hadi 150. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, tarajia 150 hadi 160. Kinachohukumu ni tofauti: silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa.

Silinda iliyo chini, mwagie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vali. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imeungua kati yao.

Moshi wa buluu wa sekunde chache asubuhi ni raba za vali, kazi ya siku moja. Buluu unaoendelea ukikanyaga mafuta ni ringi. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu au la, ni maji ndani ya silinda.

Inachemsha

Redieta iliyoziba huongoza, na chanzo chake ni maji matupu ya mtoni au ya kisima yaliyotiwa miaka yote bila kulanti, dawa ya redieta ya kuzuia kutu. Yakiwa na kutu yanazibisha redieta, na ndani ya hedi ya aluminiamu yanakula njia za maji hadi kwenye gasketi. Gusa redieta injini ikiwa bado moto lakini imezimwa: sehemu baridi katikati ni mirija iliyokufa.

Sababu ya pili imetengenezwa na mikono ya watu: thermostati iliyotolewa "ili isichemshe." Rudisha ya nyuzi 82, au 76.5 ambayo kiwanda kiliitenga kwa nchi za joto. Tatu ni feni isiyoshika. Nne ni gasketi: mapovu mfululizo redieta ikiwa wazi, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko.

Fundi akisema hedi lazima ifunguliwe, muulize atashikiliaje mnyororo wa kamshafti. Kabla giya ya kamu haijatolewa, kabari ya mbao hupigwa kati ya pande mbili za mnyororo ili kikazio kisichomoke. Kikichomoka, kifuniko chote cha mbele cha injini hufunguliwa, na sampu pia. Fundi asiyeijua kabari hiyo hajawahi kufungua L24, na si vizuri ajifunzie kwako. Hedi ikishatoka, ipimwe kwa rula ya chuma: zaidi ya mm 0.1 ya kupinda, inapelekwa kusawazishwa. Kila inapokatwa mnyororo hulegea na taimingi, wakati wa vali kufunguka, hurudi nyuma, kwa hiyo mwambie aihakikishe taimingi upya.

Harufu ya petroli au ya moshi ndani ya gari

Petroli hutoka kwenye mirija ya mpira ya kupumulia tangi, iliyofichwa nyuma ya paneli za pembeni kule nyuma. Hukauka na kupasuka, na yote hubadilishwa kwa mara moja. Moshi huingia kwa raba ya mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma, kwani hewa ya nyuma ya gari hili hunyonywa ndani. Funga ukanda wa karatasi kwenye ukingo wa mlango: ukichomoka bila kukwama, raba imekufa. Ukiumwa kichwa ndani ya dakika chache za kujaribu gari, zima, toka nje. Kaboni monoksaidi haina harufu, na dirisha wazi halikusaidii.

Taa zinafifia, kisanduku cha fyuzi kimeyeyuka

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi iliyo usukanini, na taa za kuegesha hupita kwenye fyuzi moja inayopata moto sana. Fungua kisanduku katikati ya gari utazame plastiki iliyogeuka kahawia. Ukikuta fyuzi iliyovikwa karatasi ya fedha ya sigara, chukulia kwamba waya fulani umeungua mahali usipopaona. Toa betri kabla ya kuendelea. Tiba ni fundi wa waya kufunga relei za taa na kisanduku kipya. Kubandua na kusafisha huongeza miezi tu.

Gia haziingii, au kuna mgongano nyuma

Injini ikiwaka na gia zikigoma zote, sahani ya klachi imeshikana na flaiwili kwa kutu, au silinda ndogo ya klachi inavuja. Tazama uvujaji kwanza. Kama hauvuji, pasha injini moto, kanyaga klachi, uikaze kwa ubao kati ya pedali na kiti usiku kucha. Mara nyingi huachia yenyewe. Gia ya pili ikikwaruza peke yake, ni sinkro iliyolika, na ovahali ya giaboksi iingie kwenye hesabu.

Mgongano mmoja mzito ukiachia klachi ni raba inayoshika mdomo wa difu. Midogo mingi ni krosi za shafti. Zishike kwa mkono uzitikise. Kuna kitu kimoja mnunuzi hakioni: pini ndefu zinazopita chini ya shoki za nyuma. Hukwama kwa kutu kiasi kwamba huhitaji mashine ya kusukuma ya tani nyingi. Usizipige nyundo, kichwa hupanuka na pini haitoki tena. Peleka kwenye karakana yenye presi.

Breki: pedali inazama, au gurudumu limekamatwa

Kanyaga kwa nguvu, hesabu hadi thelathini. Ikizama bila maji kuonekana nje, masta silinda inapitisha ndani. Ikizama na tairi la nyuma limelowa, silinda ya gurudumu. Gurudumu lisiloachia baada ya kukanyaga mara nyingi ni hosi ya mpira iliyovimba ndani, na kalipa hulaumiwa bure. Kwa gari lililolala, badilisha hosi zote na maji yote, DOT 3, kabla hata ya kulizungusha ndani ya boma.

Usikubali kuliendesha hadi nyumbani. Kati ya Kisumu na Nakuru kuna kilomita zaidi ya 150 zenye mteremko wa Salgaa, na breki zilizokaa miaka hazijui kama zitashika mara ya pili. Kodi kitanda cha kubebea magari. Wakati wa kufunga, mwambie dereva apitishe mikanda juu ya matairi, asifunge kwenye reli za chini ulizotoka kuzikagua kwa bisibisi.